Kutembea Msituni na Mbwa kwa Siku Moja Kutoka Dar es Salaam: Mwongozo Kamili

Anayetaka kumpeleka mbwa porini kutoka Dar kwa kawaida huanza kwa kuuliza kilomita. Aanze na saa. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama binadamu. Hujipoza kwa kutweta, maji ya ulimini na kooni yakikauka huondoka na joto. Hewa ya Pwani imejaa unyevu, na kwenye unyevu mwingi maji hayo hayakauki vizuri. Ndiyo maana mbwa anayemaliza kilomita 15 Arusha bila tatizo anaweza kuanguka kwenye kilomita ya sita Kisarawe, tena kivulini, saa nne na nusu asubuhi. Karibu kila kitu kilichoandikwa hapa, kuanzia maji ya kubeba hadi muda wa kugeuza, kinatokana na jambo hilo moja.

Msimu

Miezi bora ni Juni hadi Septemba. Asubuhi ina ubaridi kidogo, njia zimekauka na upepo wa kusi unasaidia. Desemba hadi Februari ni joto kali, na matembezi ya zaidi ya saa mbili hayashauriwi hata kwa mbwa mwenye mazoezi. Machi hadi Mei masika hugeuza udongo wa Pugu kuwa utelezi na kuacha madimbwi ambayo mbwa atataka kuyanywa. Ubaya wa kiangazi ni mmoja, upupu, nao una sehemu yake hapo chini.

Mahali pa kwenda, na mahali pa kuacha

Hifadhi za Taifa, Saadani na Mikumi zikiwemo, zitoe kwenye hesabu kabisa: mbwa wa kufuga haingii. Pori la Akiba Pande, lililo ndani ya Dar kwenyewe, nalo usilifikirie. Ni eneo la wanyamapori chini ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, na mtu anayeonekana humo na mbwa atadhaniwa mwindaji kabla hajafungua mdomo.

Chaguo la karibu lenye msitu wa kweli ni upande wa Pugu na Kisarawe. Unafuata Barabara ya Nyerere, unapita uwanja wa ndege na Gongo la Mboto, unafika Pugu Kajiungeni, unashika njia ya Kisarawe. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi iko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, ina kiingilio na ina utaratibu wake. Piga simu au fika ofisini kwao siku chache kabla, uulize mambo matatu: mbwa aliyefungwa kamba anaruhusiwa, njia ipi, na kama lazima uongozane na mhifadhi. Usiende kuuliza getini alfajiri ukiwa na mbwa garini, kwa sababu aliyepo zamu saa hiyo huenda hana mamlaka ya kukujibu, na jibu rahisi kwake ni hapana.

Ukikataliwa, usibishane. Nje ya mipaka ya hifadhi kuna njia za mashamba ya mikorosho, miembe na mananasi, zenye vilima na vivuli vya kutosha. Humo unapita kwa ruhusa ya wenyewe: mwone mwenyekiti wa kijiji au mtaa, umweleze unapita wangapi, na mbwa mmoja, na mtatoka saa ngapi. Kwa mbwa anayeanza, mashamba ni mazuri kuliko msitu mnene, maana unaona mbele na gari haliko mbali.

Mapango ya machimbo ya zamani ya kaolini pale Pugu yana popo wengi, na watu wengi hupenda kuyaona. Mbwa abaki nje na mtu mmoja. Vumbi la kinyesi cha popo si salama kwa mapafu, ya mbwa wala yako, na gizani kuna mashimo.

Wengine hukimbilia ufukwe wa Kimbiji au Buyuni, Kigamboni. Inafaa, ila mchanga huunguza kuanzia saa tatu, maji ya chumvi yakinywewa huleta kuhara, na samaki aina ya bunju aliyetupwa na mawimbi ana sumu inayoweza kuua mbwa kwa mdomo mmoja.

Je, mbwa wako anafaa?

Wasioenda: mbwa mwenye mimba, aliye chini ya mwaka mmoja kama ni wa umbo kubwa (viungo vyake bado vinakua), aliyenenepa hadi mbavu hazipapasiki, mzee anayechechemea asubuhi, na wale wenye pua bapa kama bulldog na pug. Hawa wa mwisho hutweta kwa shida hata sebuleni. Kwenye unyevu wa Pwani ni hatari tupu. Mbwa wa kienyeji mwenye afya, miguu mirefu na manyoya mafupi, mara nyingi hustahimili kuliko mbwa wa kizungu wa bei mbaya. German Shepherd anaweza kwenda, lakini mpunguzie theluthi ya umbali kwa sababu ya koti lake zito.

Kuna jambo linalosahaulika sana Dar. Mbwa wengi wa mjini ni wa ulinzi: mchana bandani, usiku wanafunguliwa uani. Mbwa wa namna hiyo anaweza kuwa na nguvu, lakini hajawahi kuona mbuzi, mtoto anayekimbia, bodaboda ikimpita ubavuni, wala mtu asiyemjua akimsogelea mchana. Huyo hahitaji mwendo kwanza, anahitaji kuzoea dunia. Mtembeze mtaani alfajiri kwa kamba kwa wiki tatu kabla ya kufikiria msitu. Akiwa bado anawarukia wapita njia, hajawa tayari.

Mazoezi ya mwili huchukua wiki sita. Wiki mbili za kwanza, dakika 30 mara nne kwa wiki. Wiki ya tatu na ya nne, dakika 45, na mara moja kwa wiki dakika 90. Wiki mbili za mwisho ongeza mchanga au mwinuko, na mara moja tembea saa mbili kamili ukiwa umebeba mzigo utakaobeba siku yenyewe. Fanya yote alfajiri. Nyayo nazo hukomaa humo humo. Mbwa aliyezoea vigae na saruji laini hupata malengelenge akitembea changarawe ghafla.

Amri tatu zifanye kazi bila kurudia: kaa, njoo, acha. Ile "acha" ndiyo itakayomwokoa kwenye mzoga, kinyesi na nyoka.

Chanjo na dawa: anza mwezi mmoja kabla

Kichaa cha mbwa ndiyo ya kwanza. Mbwa huchanjwa kuanzia miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Kama ndiyo mara yake ya kwanza, subiri wiki nne kinga ijengeke. Karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mara nyingi kunakuwa na kampeni za chanjo, kwa hiyo gharama si kisingizio. Beba kadi ya chanjo siku ya safari. Mbwa akimkwaruza mtu kijijini, kadi hiyo ndiyo itakayotuliza mazungumzo.

Pili ni chanjo ya mchanganyiko, inayokinga parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua mbwa, pamoja na leptospira. Leptospira ni bakteria wanaoleta homa ya mgunda, iliyotangazwa Lindi mwaka 2022. Vimelea hutoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine na kukaa kwenye maji yaliyotuama. Mbwa anayekunywa dimbwi la msituni anaweza kuugua na kuileta nyumbani.

Tatu, kupe. Dawa za kidonge cha kutafuna hukaa mwilini wiki 4 au 12 kutegemea aina. Mpe angalau siku mbili kabla ya safari, kwa uzito wake halisi. Tahadhari kubwa: duka la dawa za mifugo linaweza kukuuzia dawa ya kuogeshea ng'ombe, na ukaipima kwa kizibo. Amitrazi, iliyomo kwenye baadhi ya dawa hizo, ikizidishwa hulegeza mbwa, hushusha mapigo ya moyo na inaweza kumuua. Kama ndiyo uliyonayo, kipimo atoe daktari wa mifugo.

Ukiwa hapo kwa daktari, muulize kama Jumapili yupo, kama ana dripu, na kama anapima damu kwa magonjwa ya kupe. Asipokuwa na hivyo, akutajie mwenzake mwenye navyo. Hifadhi namba zote mbili.

Mzigo

Maji kwanza. Mbwa aliyetulia nyumbani hunywa takriban mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 20 ni kama lita moja. Kwa asubuhi ya kutembea mbebee lita moja na nusu ya kunywa, na lita moja na nusu nyingine ya kumpoza. Hii ya pili haiguswi mpaka dharura au mpaka mmefika kwenye gari. Wewe mwenyewe lita tatu. Jumla kilo sita mgongoni, na hapo ndipo wengi huanza kupunguza. Usipunguze maji, punguza njia.

Bakuli lake liwe lake. Usimnyweshe kwa ndoo ya kisima cha watu wala kopo la mtu.

Kamba iwe ya mita moja na nusu hadi mbili, ya kitambaa kigumu. Zile zinazojivuta ndani ya kasha hazifai: uzi wake hukata vidole na hujisokota kwenye vichaka. Mnyororo hupata moto na kelele yake huwaamsha nyani. Mfungie mkanda wa kifuani badala ya ule wa shingoni peke yake. Anayevuta kwa shingo hubana koo lile lile analohitaji kutwetea. Mkanda wa shingoni ubaki na kibati chenye namba yako ya simu.

Kizuia mdomo, kama anahitaji, kiwe cha wavu au kikapu ambacho anaweza kuachama ndani yake. Kile cha kitambaa kinachofunga taya kwenye joto ni kama kumziba pua.

Kisanduku cha huduma ya kwanza:

- gozi, bandeji mbili za sentimita 7.5, plasta ya kubandika
- kibano chenye ncha nyembamba, mkasi butu
- plaizi ya kukata waya (sababu yake iko chini)
- bomba la sindano la mililita 20 bila sindano, la kusafishia macho na vidonda
- dawa ya ayodini ya kusafishia kidonda, sabuni ya kipande
- themomita ya dijitali na mafuta ya kupaka kidogo
- soksi nzito mbili kuukuu za kuvalisha unyayo uliokatika
- kitenge kimoja imara au shuka

Kitenge ndicho machela yako. Mbwa wa kilo 25 habebeki mikononi kilomita mbili, lakini watu wawili wakishika pembe nne za kitenge mnafika. Kwa hiyo msiende chini ya wawili.

Usitie humo Panadol, diklofenaki wala ibuprofeni kwa ajili ya mbwa. Zinaweza kuharibu ini, figo na tumbo lake, hata kwa kidonge kimoja.

Kinyesi: mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo beba magazeti, mifuko ya kaki na kopo lenye mfuniko. Msituni, mbali na maji na njia, unaweza kufukia sentimita 15 kwenda chini. Kwenye mashamba ya watu, beba.

Siku moja kabla, na alfajiri yenyewe

Kata kucha wiki moja kabla, si usiku wa kuamkia, ukikata ndani sana zipate muda wa kupona. Jioni mpe chakula chake cha kawaida, ugali na dagaa au anachokula siku zote. Usijaribu chakula kipya. Asubuhi asile mlo. Mbwa mkubwa akijaza tumbo kisha akakimbia, tumbo linaweza kujaa hewa na kujipinda. Dalili ni tumbo gumu kama ngoma na kutapika kusikotoa kitu, na hapo ni daktari mara moja, hakuna dawa ya njiani. Kama lazima, mpe robo ya mlo muda wa saa tatu kabla ya kutembea, na vitafunwa vidogo njiani: yai la kuchemsha, kiazi kitamu kilichochemshwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa, chokoleti na chochote chenye kitunguu hapana.

Daladala haitampakia, na usiilazimishe. Gari binafsi, au ya kukodi ambayo dereva amekubaliana na mbwa kabla ya siku hiyo. Ondoka mjini saa 11 alfajiri. Foleni ya Gongo la Mboto ikikuchelewesha ukafika saa 2 asubuhi, fupisha safari kwa nusu, usijifariji kwamba kuna mawingu. Mawingu huzuia jua, hayazuii unyevu.

Ratiba tunayoipendekeza ni hii: kuanza kutembea saa 12:30 asubuhi, kugeuza saa 2:30 popote mlipo, kuwa garini ifikapo saa 4:30. Kwa mwendo wa kilomita tatu kwa saa, ukitoa muda wa mapumziko na wa kumnywesha, hiyo ni kilomita nane au tisa. Safari ya kwanza iwe tano. Maji ya kunywa nayo yawe na kanuni: theluthi kwenda, theluthi kurudi, theluthi akiba. Kinachotangulia kufika, saa au maji, ndicho kinachowageuza.

Njiani

Dakika kumi za kwanza nenda polepole ili ajisaidie na mwili upashe. Baada ya hapo mpe maji kila dakika 15 hadi 20, kama nusu kikombe, asijaze tumbo kwa mkupuo. Pumzika dakika kumi kila baada ya dakika 40, kivulini, kwenye ardhi ya ubaridi. Kwenye lami, saruji au mchanga, weka nyuma ya kiganja chako kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake nazo zinaungua.

Kamba haifunguliwi. Hata kwa mbwa msikivu. Kuna tumbili, kuna mbuzi wa watu, kuna kuku, na kuku mmoja aliyeuawa ataharibu njia kwa kila mwenye mbwa atakayekuja baada yako. Ikitokea, lipa hapo hapo bei anayosema mwenyewe bila kubishana.

Kuhusu watu. Wengi wa utakaokutana nao wanamjua mbwa kama mnyama wa kulinda au wa kuuma, na baadhi ya watoto wamezoea kumrushia mawe. Aidha kwa Waislamu wa Pwani, wengi wao wafuasi wa madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi, na nguo iliyoguswa nayo ina utaratibu wa kuoshwa mara saba. Mbwa wako "mpole" akimlamba mama anayetoka shamba, amemsababishia kazi. Ukiona mtu mita 30 mbele, toka nje ya njia, upande wa chini wa mteremko, mkalishe mbwa nyuma ya mguu wako, fupisha kamba. Kisha wewe ndiye uanze kusalimia, shikamoo kwa mkubwa, na uongeze "nimemshika, pita tu". Waendesha baiskeli wenye magunia ya mkaa hawawezi kusimama kirahisi, wape njia mapema zaidi. Msipite mbele ya msikiti wala katikati ya uwanja wa nyumba ya mtu kwa sababu ni njia ya mkato.

Mkikutana na mifugo, zungukeni kwa mbali upande ambao upepo unatoka kwa wanyama kuja kwenu, wasishtuke na harufu. Mbwa wa wachungaji huja kwa kelele. Simama, usikimbie, mwite mchungaji. Kuinama kama unaokota jiwe kwa kawaida huwasimamisha.

Joto likimshinda

Hii ndiyo sehemu ya kusoma mara mbili. Joto la kawaida la mbwa ni 38 hadi 39.2. Baada ya mwendo linaweza kufika 40 na kushuka lenyewe akipumzika. Likifika 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika.

Dalili za mapema: ulimi umetanuka nchani kama upawa, mate yamekuwa mazito, anatafuta kila kivuli, anabaki nyuma, akiitwa anachelewa kugeuka. Hapo simama. Dakika 20 kivulini, maji, halafu mgeuze, hata kama mko karibu kufika. Mbwa hajui kujihurumia. Atakufuata mpaka aanguke, kwa hiyo usisubiri akatae.

Dalili za hatari: fizi nyekundu sana kisha kupauka, kuyumba, kutapika, kuhara, macho kutokukuona. Fanya hivi kwa mpangilio:

1. Mlaze kivulini, mfungue mikanda yote.
2. Mmwagie yale maji ya kumpoza tumboni, kinenani, kwapani na ndani ya mapaja, hadi ngozi ilowe, siyo manyoya ya juu tu. Maji yoyote uliyonayo yanafaa.
3. Mpepee kwa nguvu, mfululizo. Upepo ndio unaoondoa joto.
4. Usimfunike kwa kitenge kilicholowa ukakiacha. Kinapata joto na kulizuia mwilini.
5. Mwache anywe akitaka. Usimmiminie mdomoni, yataingia mapafuni.
6. Pima kwa themomita njia ya haja kubwa kila dakika tano. Ukifika 39.5 acha kupoza, vinginevyo litashuka kupita kiasi.
7. Nenda kwa daktari hata akiinuka na kutikisa mkia. Figo na damu huweza kuharibika saa kadhaa baadaye.

Kipimo kingine rahisi: bonyeza fizi kwa kidole, achia. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ikichelewa, damu haizunguki vizuri.

Vingine vinavyoharibu safari

Mitego ya waya. Pembezoni mwa misitu huwa kuna tanzi za kunasia wanyama wadogo kama paa, na mbwa huingia kwanza kwa shingo au mguu. Akivuta linazidi kukaza, na maumivu humfanya amng'ate hata mwenyewe. Mfunike kichwa kwa kitenge, msukume kuelekea pale waya ulipofungwa ili ulegee, kata kwanza upande wa mti, kisha ndiyo ukate tanzi lenyewe. Mguu uliokaa kwenye tanzi muda mrefu uonwe na daktari hata kama haujachubuka.

Siafu. Mbwa ataruka, atalamba miguu, ataanza kuzunguka. Mtoe mita 20 nje ya msafara wao kabla ya kumgusa, kisha ng'oa mmoja mmoja kuanzia puani, mdomoni na masikioni, halafu tumboni na katikati ya vidole. Kumwagia maji hakuwaachishi.

Upupu. Maganda yake makavu yenye vinyweleo vya dhahabu huning'inia njiani wakati wa kiangazi. Mbwa akipita chini yake hujikuna uso kwa kucha hadi kujiumiza jicho. Usimfute kwa mkono mtupu. Bandika plasta juu ya manyoya na kuivuta mara kadhaa, kisha suuza kwa maji mengi, macho kwa lile bomba la sindano. Mzuie asijirambe.

Nyoka. Kifutu hulala njiani na hakimbii. Swila wapo wanaotema sumu machoni. Jicho lililotemewa lisafishwe kwa maji dakika 15 bila kukoma. Aliyeumwa abebwe, asitembee hata hatua, na mkanda ulio karibu na jeraha utolewe kabla halijavimba. Usifunge kamba, usichanje, usinyonye, usimnyweshe maziwa. Jiwe la nyoka halitoi sumu, linakupotezea muda. Mpigie daktari mkiwa bado njiani, kwa sababu dawa ya sumu ya nyoka haipatikani kila mahali na atahitaji muda kuitafuta.

Nyuki wakishambulia, kimbieni pamoja na msisimame mpaka wameacha. Miiba ikwanguliwe. Uso kuvimba, kutapika au kulegea ni safari ya daktari.

Mbwa akimuuma mtu, au akiumwa na mbwa asiyejulikana: kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kwa saa. Mtu aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa chanjo, kidonda kiwe kidogo namna gani.

Kingine ambacho hakisemwi: gari lililofungwa. Mkimaliza na njaa imewashika Kisarawe, mbwa habaki garini mkila. Nje ikiwa nyuzi 30, ndani hufika karibu 40 kwa dakika kumi, na kioo kilichoachwa wazi vidole viwili hakisaidii kitu. Kuleni kwa zamu.

Mkirudi

Mpe maji kidogo kidogo, chakula baada ya saa moja au mbili. Kisha kaa naye kwenye mwanga mzuri ukague kupe kwa vidole kinyume cha manyoya: ndani ya masikio, chini ya mkanda wa shingo, kwapani, katikati ya vidole, kuzunguka mkia. Mshike kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha. Usipake mafuta ya taa wala moto wa kiberiti. Kupe anayebughudhiwa hutapika ndani ya kidonda, na alichonacho kinaingia. Mtumbukize kwenye spiriti.

Ondoa kishona nguo na mbigili, hasa vidoleni, kwa kuwa mwiba mmoja uliobaki huingia ndani na kutunga usaha. Mwogeshe kwa sabuni yake.

Kesho yake apumzike. Akichechemea zaidi ya siku mbili, aonwe.

Halafu weka alama kwenye kalenda kwa wiki tatu, kwa sababu magonjwa ya kupe huonekana kati ya siku kama 8 hadi 21 baada ya kuumwa. Tafuta homa, kukataa chakula, fizi kupauka, mkojo wa rangi ya kahawia, au damu kutoka puani. Vichaka vya Pwani vina mbung'o pia, wanaoambukiza ugonjwa wa ndorobo (nagana): mbwa aliyeupata hukonda, uso huvimba, na jicho huingia ukungu wa buluu. Ukiona lolote kati ya hayo, mwambie daktari tarehe na mahali mlipotembea kabla hajauliza, na uombe damu ipimwe kabla ya sindano yoyote. Erlichia na babesia ni magonjwa mawili ya kupe: dawa ya erlichia haitibu babesia, wala ya babesia haitibu kila aina ya ndorobo, na sindano ya kubahatisha inaweza kuficha vimelea wasionekane kwenye kipimo.